Uso wa Mfiwa

"Hujafiwa," mwongozaji alisema kutoka safu ya tatu ya viti. "Umekaa kama mtu aliyeambiwa basi limeondoka."

Waigizaji wenzake wakacheka, naye akacheka pamoja nao, maana katika kazi ile ukinuna unachekwa mara mbili. Akarudi kwenye kiti cha mbao katikati ya jukwaa, akavuta pumzi, akangoja aambiwe kwa mara nyingine kwamba mkewe amekufa. Msichana aliyeigiza kama bintiye akaingia, akapiga magoti, akasema maneno yake. Naye pale kitini akalia. Alilia kwa sauti, akajipiga kifua, akamwita marehemu. Alipomaliza aliinua macho, akamwona mwongozaji anachezea kalamu.

"Hicho ni kilio cha dukani," mwongozaji alisema. "Tutarudia kesho."

Mtaani walimwita Askari wa Tatu, na si kwa kuwa aliwahi kushika bunduki. Kwa zaidi ya miaka ishirini katika kundi lile la michezo ya kuigiza alikuwa akipewa sehemu za watu wanaoingia mwisho. Kukiwa na askari watatu wa kumkamata kiongozi wa waasi, yeye ndiye wa tatu, anayesema "Twende" na kufunga mlango. Aliwahi kuwa daktari mwenye kauli moja, jaji anayesinzia, na maiti, na watu walimsifu sana kwa ile maiti. Watoto wa jirani walimpigia saluti akitoka dukani na mkate. Aliwarudishia saluti vizuri tu, akifika ndani anasonya. Sasa mwigizaji aliyezoea kupewa wazee alikuwa amehamia kwenye matangazo ya redio, kwenye ulaji, na kwa mara ya kwanza Askari wa Tatu akaachiwa mchezo mzima aubebe yeye: mzee anayegombana na watoto wake kuhusu nyumba, mpaka siku anapoletewa habari kwamba mkewe amefia hospitalini. Mchezo wote uliegemea dakika ile. Isipokaa sawa, hakuna mchezo.

Kundi lenyewe halikuwa na maandishi ya kukariri. Mwongozaji, mama mmoja mkavu wa maneno aliyewahi kufundisha sekondari, aliwapa mifupa tu: nani anaingia, anataka nini, nani anamkatalia. Nyama walitakiwa kuja nayo wenyewe. "Leteni vya nyumbani," ndiyo ilikuwa kauli yake, "vya dukani nimevichoka." Basi walileta. Mmoja alileta mwendo wa shangazi yake mwenye nyonga mbovu. Mwingine alileta kigugumizi cha kaka yake, na kaka mwenyewe alipokuja kutazama alicheka mpaka akatoka nje kujifuta machozi. Hakuna aliyeona ubaya. Ukileta kitu kizuri unaulizwa, "Hilo umelitoa wapi?" na kuulizwa hivyo ndiyo ilikuwa sifa kubwa kuliko makofi. Askari wa Tatu hakuwahi kuulizwa.

Siku ile mwongozaji alimshika mkono mlangoni. "Onyesho la kwanza liko karibu," alisema. "Nakuheshimu, ndugu yangu, ndiyo maana nakwambia mapema. Ukishindwa nitampigia yule wa redio."

"Nipe siku chache tu."

"Nakupa. Lakini usiniletee tena makelele."

Alirudi nyumbani kwa miguu, roho imemsinyaa. Kuwa wa tatu maisha yako yote unaweza kuzoea. Kuwa wa kwanza kwa wiki mbili, halafu urudishwe nyuma mbele ya wenzako, hilo hakujua angelimeza vipi.

*

Nyumbani walikuwa watatu. Watoto walishakua na kwenda zao, na chumba chao akapewa mkwe wake, baba wa mkewe, karani mstaafu wa posta aliyeanza kusahau muda mfupi baada ya kufiwa na mke wake. Alisahau polepole, kwa adabu, kama alivyofanya kila kitu. Mkewe Askari wa Tatu alikuwa mkataji katika kiwanda cha sare za shule. Alitoka asubuhi, akarudi jioni na vumbi la kitambaa kwenye nyusi. "Wewe unashinda nyumbani," alimwambia mumewe walipokuwa wanamhamishia mzee kwao. "Angalau baba atakuwa na mtu." Maneno hayo yalimchoma kidogo, kwa kuwa yalikuwa kweli.

Sharti la nyumba lilikuwa moja. Kila siku, pengine mara kadhaa kwa siku, mzee aliuliza, "Mama yenu yuko wapi?" na jibu lilikuwa, "Ametoka kidogo, baba. Anarudi." Mzee aliitikia kwa kichwa, akaridhika, akaendelea na yake. Daktari wa kliniki ndiye aliyewaelekeza hivyo. "Msimwambie," alisema. "Nyinyi mmeshazika. Yeye kila mkimwambia, kwake ndiyo siku yenyewe." Mke aliposikia hayo aliinamisha kichwa, maana siku yenyewe alikuwepo. Ndiye aliyempelekea baba yake habari, wakiwa wawili tu chumbani, mlango umefungwa. Askari wa Tatu hakuwepo. Kundi lilikuwa safarini, miji ya mbali, naye alikuwa jukwaani akisema "Twende" mbele ya watu. Alifika mazishi yamekwisha. Mkewe hakumgombeza. Alimmiminia chai, akamwambia, "Umekosa," na tangu hapo hawakulizungumza tena.

Lile jambo lilianza kwa kupitiwa. Asubuhi moja alikuwa anapiga pasi, midomo inachezacheza na maneno ya mchezo, mawazo yote yako ukumbini. Mzee kwenye kiti chake akauliza, "Mama yenu yuko wapi?"

"Si alishakufa, baba," akajibu, na pasi ikaendelea kutembea. Ilifika kwenye kola ndipo ikasimama.

Mzee hakulia. Kwanza alimtazama mkwewe kwa kumwonea huruma, kana kwamba ni kazi nzito mno kumtwisha mtu habari kama ile. Halafu mkono wake ukashuka kwenye shati, ukaanza kufunga vifungo kuanzia cha chini kabisa, kimoja kimoja, na kwa kuwa alikosea tundu la kwanza vyote vikaenda upande. Alipofika shingoni akakuta kifungo kimoja kimebaki hakina pa kuingia. Akakishika hivyohivyo kwa vidole viwili. "Nani yuko naye sasa?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, sauti ya dirishani posta. "Asikae peke yake. Hapendi."

Askari wa Tatu alipiga magoti, akamshika mikono. "Nisamehe, baba, nimesema vibaya. Ametoka kidogo. Anarudi." Aliomba radhi kwa kweli, tumpe haki yake. Alimtengenezea chai, akamfungulia redio, na kabla chai haijapoa mzee alikuwa amesahau yote, anapigapiga kidole kwa kufuata muziki. Lakini mwigizaji ana macho mengine ambayo hayafumbi hata nyumba ikiungua, na hayo yalikuwa yameshaona kila kitu na kukiweka mahali pake.

Jioni kwenye mazoezi, msichana alipopiga magoti na kutoa habari, hakulia. Alimtazama kwa huruma. Mkono ukashuka kwenye shati. Alipofika kifungo cha shingoni na kuuliza, "Nani yuko naye sasa?" yule msichana, ambaye kauli yake ilikuwa bado, aliisahau.

Mwongozaji aliweka kalamu chini. Kisha akasema, kwa sauti aliyokuwa hajawahi kumsemesha nayo, "Hilo umelitoa wapi?"

"Nyumbani," akasema.

"Lishike hapohapo. Usiliguse."

*

Ingeishia pale, mtu angeweza kumsamehe. Mdomo umeteleza, basi. Lakini kitu cha namna ile kina tabia ya kuchuja, kama rangi ya kanga iliyofuliwa mno, na zoezi la nne mwongozaji akaanza kukunja uso. "Mkono sawa," alisema. "Macho yamekimbia. Siku ya kwanza kulikuwa na kitu machoni. Kitafute."

Alikitafuta njia nzima. Mzee alianza kutazama au alianza kufunga? Alikitazama kifungo cha mwisho au alikishika tu bila kukitazama? Alilala na maswali hayo, akaamka nayo. Mkewe alipokwisha kutoka kwenda kazini, alimpa mzee uji, akamfuta kidevu, akakisogeza kiti chake mpaka dirishani, penye mwanga. Akazima redio. Akavuta stuli, akakaa mbele yake, karibu. Mzee alifurahi sana kuona mtu amekaa kuzungumza naye. Akamsimulia habari za posta: mwanamke mmoja aliyekuja kila Ijumaa kuulizia barua isiyofika, na jinsi yeye alivyokuwa akiinuka na kujifanya anatafuta kwenye masanduku, ili asiondoke na jibu la harakaharaka. Ilikuwa hadithi nzuri. Askari wa Tatu aliisikiliza mpaka mwisho huku akingojea swali lake, na swali likaja.

"Mama yenu yuko wapi?"

"Baba," akasema, taratibu, akimtazama usoni. "Mama alifariki."

Na mzee akafiwa tena, palepale dirishani, kwenye mwanga mzuri.

Alirudia mara nyingine, asubuhi ya siku iliyotangulia onyesho, kwa sababu ya sauti tu. Kila mara alipiga magoti baadaye, akaomba radhi, akachemsha chai. Akajiambia kwamba mzee hakumbuki, na kitu kisichokumbukwa hakina kidonda. Akajiambia pia kwamba hakuna mtu duniani aliyewahi kumtazama mzee huyu kwa makini kama yeye, na hilo, kwa bahati mbaya, halikuwa uongo.

Mkewe hakujua hili wala lile. Aliona tu kwamba mambo yamebadilika. Akirudi kazini anawakuta wawili wale wamekaa pamoja, mumewe ameegemeza viwiko magotini anasikiliza habari za stempu. Jioni moja alisimama nyuma ya kiti cha mumewe, akamwekea mkono begani, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mazishi.

"Baba ametulia siku hizi," alisema. "Ukitoka anakuulizia. Anasema, yule kijana wangu amekwenda wapi?"

"Kijana nani? Mimi huyu mwenye mvi?"

"Kwake ni kijana." Akacheka. "Nilikuwa nakuwazia vibaya, baba watoto. Nilidhani unamvumilia tu. Kumbe unampenda." Kisha, akiwa anavua viatu, "Jumamosi nitakuja kwenye onyesho. Nitamleta na baba."

"Ukumbini kuna joto. Baba atachoka. Viti vyenyewe ni vya mbao tupu."

"Nitabeba mto."

"Na mchezo ni mrefu."

"Miaka yote nimekaa nyumbani kwa sababu nilichoka kuja kumsikiliza mume wangu akisema 'Twende'. Leo mume wangu ndiye mwenye mchezo, halafu nikae nyumbani? Nitawaambia nini watu kazini?"

Angeweza kumwambia pale. Joto la mkono wa mkewe lilikuwa bado begani mwake. Alisema, "Basi mje mapema, mpate viti vya mbele," na akaenda kuoga.

*

Ukumbi ulikuwa wa chama cha wafanyakazi, wenye mapazia mazito yaliyonuka vumbi na taa mbili za jukwaa zilizokubali kuwaka baada ya kupigwa kofi. Watu walijaa mapema, wengine wakasimama ukutani. Akiwa nyuma ya pazia Askari wa Tatu alichungulia, akawaona: mzee amevaa koti lake la kazini la zamani, amekalia mto, miguu ameinyoosha safu ya kwanza, na mkewe pembeni, amejipaka wanja, anatabasamu mbele ya pazia lililofungwa.

Mchezo ulianza vizuri, ukaenda vizuri. Watu walicheka mzee wa mchezo alipowafukuza wanawe kwa fimbo ya ufagio. Walipiga kelele alipokataa kutia sahihi. Alihisi ukumbi mzima uko mkononi mwake, na hicho ni kitu kitamu, asikudanganye mtu. Kwa dakika nyingi alisahau kabisa ni nani aliyekaa mbele.

Kisha msichana akaingia, akapiga magoti.

Alimtazama kwa huruma. Mkono ukashuka. Kifungo cha chini, kinachofuata, kinachofuata. Feni ya darini ilisikika. Akakishika cha shingoni kwa vidole viwili. "Nani yuko naye sasa?" akasema. "Asikae peke yake. Hapendi."

Ndipo kiti cha safu ya mbele kikalia. Mzee alikuwa amesimama. Mkewe alimshika koti, akalivuta, lakini mzee aliutoa mkono wake kwa upole, akapanda ngazi mbili za jukwaa kwa kushikilia ukuta, akavuka ubao hadi pale kwenye kiti. Taa ikamwangaza na yeye. Akanyoosha mikono yote miwili, akaushika mkono wa Askari wa Tatu, kama mtu yeyote mstaarabu anavyoingia nyumba yenye msiba.

"Pole, mzee mwenzangu," akasema. "Pole sana. Ndiyo dunia." Akatazama huku na huku, akamwona msichana, akampa pole na yeye. Halafu akainama karibu. "Wangu mimi ametoka kidogo tu. Akirudi nitamwambia aje asaidiane na binti yako. Hamtabaki peke yenu."

Watu walidhani ni mchezo. Mtu mmoja nyuma alianza kulia kwa sauti. Na Askari wa Tatu, ambaye angeweza kusimama, angeweza kumkumbatia yule mzee na kumwita baba, angeweza kufanya lolote, alibaki kitini ndani ya mchezo. Alitikisa kichwa polepole. "Ahsante, mwenzangu," akasema, kwa sauti ya mzee, sauti ya dirishani posta. Aliisikia ikimtoka vizuri, na kwa nukta moja tu alifurahi.

Makofi yalilipuka. Watu walisimama. Katikati ya kelele zile mkewe alipanda jukwaani kumchukua baba yake. Hakumtazama mumewe usoni. Aliyatazama matundu ya shati yaliyokwenda upande, kuanzia chini mpaka juu, na kile kifungo cha shingoni kilichobaki. Alivitazama kwa jicho la kazini, jicho la mtu anayetafuta mahali kitambaa kilipoharibika. Halafu akamshika baba yake mkono, wakashuka.

Nyuma ya pazia mwongozaji alikuwa anafuta machozi waziwazi. "Yule mzee ni nani?" aliuliza. "Anaweza kuja kila Jumamosi?"

*

Alipofika nyumbani jua lilikuwa bado halijazama. Mzee alikuwa amelala. Mkewe alikuwa jikoni, bado amevaa nguo ya kutokea, anaosha vyombo vilivyokuwa safi.

"Watu wamependa," akasema yeye, ilimradi aseme kitu.

"Siku ile hukuwepo," mkewe akasema bila kugeuka.

"Siku gani?"

"Usiniulize siku gani. Nilikuwa mimi na baba, mlango umefungwa. Nilimwambia mama amekufa. Akanitazama vile. Akafunga vifungo vile. Akaniuliza nani yuko naye sasa." Akaweka sahani chini. "Hilo umelitoa wapi?"

Zile zilikuwa sifa, mahali pengine. "Wewe ulinisimulia."

"Sijamsimulia mtu. Hata ndugu zangu sijawasimulia. Nilishindwa."

Maji yaliendelea kutiririka kwenye beseni. Mkewe akayafunga. Akageuka, na pale ndipo mumewe alipoona kwamba hakuwa na hasira. Alikuwa na hofu, alikuwa anaogopa jibu.

"Nilipitiwa," akasema. "Nilikuwa napiga pasi, aliniuliza, ikanitoka. Wallahi nilipitiwa."

"Mara ngapi?"

"Mara hiyo."

"Mtu aliyepitiwa haoni kifungo kipi kilianza." Alisema kwa utulivu kabisa. "Mimi nilikuwa nalia siku ile. Vifungo nimevikumbuka leo, kwako. Mara ngapi, baba watoto?"

Mkewe alingoja mpaka aseme kwa mdomo wake.

"Tatu. Lakini ya kwanza ilikuwa bahati mbaya."

Mkewe alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Alikaa na nguo yake nzuri, wanja umeshuka mpaka shavuni. "Nilikuwa nakuja kutoka kazini nakuta mmekaa pamoja," akasema. "Nilikuwa nashukuru. Njiani nilikuwa natembea nashukuru."

Hapo Askari wa Tatu alilia. Alilia kweli, bila kujua mikono yake iko wapi, kamasi zinamtoka. Alisema nisamehe, alisema ataacha mchezo, atamwambia mwongozaji amchukue yule wa redio, hatakanyaga tena jukwaani. Alisema na mengine ambayo mtu husema. Mkewe alimtazama muda wote, kwa makini, kama alivyolitazama shati. Ikamjia kwamba anakagua. Kwamba kuanzia leo kila akilia mke huyu atakagua kwanza, na kwamba haki ya kufanya hivyo anayo.

"Usiache," mkewe akasema mwishowe. "Ukiacha, baba atakuwa amefiwa bure." Akainuka, akajipangusa. "Nenda kila Jumamosi ukapigiwe makofi. Ila usikae naye tena peke yako. Nikiwa sipo humu ndani, usikae naye."

*

Jirani wa mlango wa pili, mkunga mstaafu mwenye miwani mizito, ndiye aliyekuja kushinda na mzee. Mke alimwambia tu kwamba mume wake amepata majukumu mengi. Mkunga aliona vizuri hayo majukumu: mwanamume amejilaza chumbani, mlango umerudishwa, mchana kutwa, huku mwanamke wa watu amekuja kumlisha mkwe wake uji. Hakuuliza. Akipita kwenye ujia kwenda chooni anamwambia, "Shikamoo jukwaa," halafu anacheka peke yake, na Askari wa Tatu anacheka naye, maana angefanyaje.

Mchezo ulishika. Jumamosi ya pili watu walirudishwa mlangoni kwa kukosa nafasi. Gazeti moja liliandika kwamba kwa muda mrefu haujaonekana uzee ukiheshimiwa jukwaani namna ile. Watoto wa jirani waliacha saluti, wakaanza kumwita Mzee, na walimpokea mkate wambebee. Kila Jumamosi mkono ulishuka kwenye shati, vidole vikajua njia vyenyewe. Kitu machoni hakikuchuja tena hata kidogo. Mwongozaji alimuuliza amekifanyaje, akasema hajui.

Mkewe alimpikia, alimfulia, alimjibu alipouliza. Kitandani alilala upande wake. Siku za kwanza Askari wa Tatu alingoja agombezwe, angalau apate mahali pa kujitetea. Ugomvi haukuja. Jioni akirudi kazini mke alipitiliza kwa baba yake kwanza, akamshukuru mkunga, akafunga dirisha, ndipo akaingia chumbani na kusema, "Habari za kutwa," kwa sauti ambayo hata mgeni angesemeshwa nayo.

Jumapili moja asubuhi mkewe alikuwa nyumbani. Alikuwa uani anaanua mashuka. Mkunga alikuwa amepita tu kusalimia, amekaa na mzee, anamsogezea kikombe, na Askari wa Tatu alikuwa chumbani amekaa kitandani, anasikia, maana kuta za nyumba ile hazikuwa za kuficha kitu.

"Kunywa, babu, inapoa."

"Si wewe," mzee akasema.

"Si mimi nini?"

"Nilikuwa na mtu hapa." Kikombe kikarudishwa mezani. "Kijana mmoja. Jina limenitoka. Nilikuwa nikizungumza ananitazama usoni, mpaka mwisho. Wanangu ni wazuri, siwasemi. Lakini huwa wananisikiliza huku wanafanya kazi. Yule aliacha kila kitu."

"Labda atakuja."

"Mwiteni basi. Mwambieni yule mwanamke wa barua sijammalizia."

Askari wa Tatu alisimama. Alifika mlangoni, akakuta mkewe amesimama hapo kwenye ujia, mashuka yamemjaa kifuani mpaka kidevuni, amesikia yote. Walitazamana. Mara moja tu alidhani mkewe anasogea kumpisha.

"Umesikia," mkewe akasema.

"Nimesikia."

Mkewe aliyabwaga mashuka mikononi mwake, akampita. Akamsikia anaingia kule sebuleni, anamwambia mkunga ahsante, kisha akainama kwa mzee. "Hakukuwa na mtu, baba," akasema. "Ulikuwa na mimi."

"Hapana, si wewe, mwanangu," mzee akajibu, kwa upole wake uleule. "Wewe ulikuwa kazini."

Mkunga alijikohoza, akaaga, viatu vyake vikaburuza mpaka nje. Halafu stuli ikavutwa kwenye sakafu.

"Leo sijaenda kazini," mkewe akasema. Sauti ilimkatika, akairudisha. "Nimekaa, baba. Nisimulie mimi. Huyo mwanamke alikuwa anangojea barua ya nani?"

Mzee alianza kusimulia, tangu mwanzo, kwa sauti yake ya dirishani, na mkewe hakumkatiza. Askari wa Tatu alisimama na mashuka yenye harufu ya jua, ameinamisha kichwa, amezuia pumzi ili asipoteze neno, na mara akajigundua. Alikuwa anasikiliza jinsi sauti ya mkewe ilivyokatika. Alikuwa ameshaiweka mahali pake.

Akarudi chumbani na mashuka yake, akaufunga mlango, akajiziba masikio.